Nakala Ishirini

Karatu, Ijumaa, 1 Septemba 1961

Leo nimefungua chumba. Ni stoo ya nyuma ya duka la Bi Zuleha, mjane anayewauzia wafugaji mablanketi, shanga na sukari, na bado inanuka chumvi ya ng'ombe. Nina meza, benchi, sufuria mbili, na mizani ya kuning'iniza iliyokuwa ikipimia kahawa huko Oldeani. Nimeishonea mfuko wa blanketi ili mtoto akae ndani. Kwenye kibao cha mlangoni nimeandika kwa msaada wa rula: WILIBRODI MARTINI, USHAURI WA CHAKULA CHA WATOTO.

Nimekaa tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Hakuna aliyekuja.

Jumamosi, 2 Septemba

Hakuna mtu. Vumbi.

Jumatatu, 4 Septemba

Hakuna mtu. Nimeshinda nikijiuliza nani amenipa idhini ya kujiita mshauri. Miaka minne nilikuwa karani wa zahanati ya shamba la kahawa. Niliandika uzito wa watoto wa vibarua, mganga akaamua la kufanya. Walinipeleka kozi ya chakula bora miezi mitatu, nikarudi na cheti, na mwezi wa sita shamba likapunguza watu. Karani huandika walichoamua wengine. Kikikosewa, kosa si lake. Hapa sina Serikali wala misheni nyuma yangu. Kila nitakachoandika nitakuwa nimekiamua mimi.

Alhamisi, 7 Septemba

Amepita Thomasi, aliyekuwa dresa wa kufunga vidonda, ambaye sasa anagawa mahindi ya njaa na maziwa ya unga kwa niaba ya kamati ya chakula. Alisimama dukani mbele ya wateja.

"Habari ya uji, daktari?"

"Njema, bwana Thomasi."

"Mwanaume mzima, darasa la kumi, unafundisha wanawake kukoroga uji! Mama yako alikuwa na cheti alipokulea?"

Bi Zuleha hakuinua macho kwenye kitambaa alichokuwa akikipima. "Thomasi, mama yako angekuwa na cheti usingetoka na kichwa hicho."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Thomasi alisema ninayojiambia kila asubuhi.

Jumanne, 12 Septemba

Mama mmoja kutoka Buger, na mtoto mwembamba. Nilimweleza habari ya maharage na karanga kwa nusu saa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, maharage ninayajua. Sina."

Jumatano, 20 Septemba

Ukame hauna huruma. Huko juu, Ngorongoro, ng'ombe wanakufa kila siku, na wafugaji wanashusha ngozi kuja kuziuza. Ua wa Bi Zuleha umejaa ngozi mbichi na nzi. Nyama iko kila boma, maziwa hayako popote isipokuwa yale ya unga kwenye meza ya Thomasi. Watoto wanaoshuka na mama zao wana miguu iliyovimba na nywele nyekundu kama vumbi la barabarani. Hawalii. Kwenye kozi tulifundishwa kumhofia zaidi mtoto asiyelia.

Jumatatu, 25 Septemba

Nimepata wazo, na nimefanya kazi siku tatu. Wafugaji wengi hawasomi, basi nimechora. Juu, jua linachomoza na kikombe cha maziwa. Katikati, jua la utosini na kikombe tena. Chini, jua linatua na chungu cha nyama iliyochemshwa ikapondwa. Maziwa asubuhi na mchana, nyama jioni, kila siku, hadi uvimbe uishe. Ndivyo tulivyofundishwa, na kwa nchi yenye nyama tele na maziwa ya kugawiwa, sioni dawa nyingine. Nimechora nakala ishirini kwa mkono, kila moja sawa na mwenzake. Sijawahi kufanya kazi safi namna hii.

Nilimpelekea Thomasi nakala kumi na tisa, nikitegemea kuchekwa. Alizigeuza akazitazama.

"Hii hata mtoto ataielewa," akasema. "Niachie. Nitawapa pamoja na maziwa."

Alhamisi, 28 Septemba

Leo nimepata mgonjwa wa kweli. Moloimet, mfugaji kutoka ng'ambo ya msitu, alikuja na mkewe Naisula, mama yake mzee Nanyokie, na mtoto wao Seenoi, wa miaka miwili. Moloimet alijifunza Kiswahili akifanya kazi ya barabara, ndiye aliyetafsiri.

Nilimsalimu mzee kwa Kimasai, "Takwenya, koko," yaani bibi, akaitika, "Iko," akaniangalia vidole vilivyojaa wino.

Seenoi alikuwa na ratili kumi na saba, lakini nyingi ni maji. Nilibonyeza unyayo wake kwa kidole gumba, shimo likabaki. Hakunitazama. Niliwapa nakala yangu ya ishirini, nikaeleza kila picha, Moloimet akatafsiri. Naisula aliitikia kila neno. Nanyokie aliishika karatasi, akaweka kidole kwenye kikombe, kisha kwenye chungu, akasema jambo refu kidogo.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema picha ni nzuri," akajibu Moloimet.

Nilifurahi.

Jumatatu, 2 Oktoba

Hakuna mtu. Upepo umeng'oa bati la choo.

Alhamisi, 5 Oktoba

Seenoi: ratili kumi na sita. Kwenye kozi walituambia kwamba mtoto aliyevimba akianza kupona uzito hushuka kwanza, maana maji yanatoka. Nilimweleza Moloimet, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Usiku wa jana nililala bila kuota naitwa ofisini kwa kosa.

Alhamisi, 12 Oktoba

Ratili kumi na tatu na nusu. Miguu imenywea. Nimeandika takwimu hizi kwa wino mwekundu kwenye daftari langu, kama walivyokuwa wakiandika mafanikio shambani.

Bi Zuleha alichungulia wakati nampima. Walipoondoka akaniambia, "Mwanangu, yule mtoto amekauka."

"Maji yanatoka, Bi Zuleha. Ndivyo inavyokuwa."

"Macho yameingia ndani."

"Amechoka na safari."

Naisula alinigusa mkono kabla ya kuondoka, akaonyesha tumbo la mtoto, akasema neno moja mara mbili. Moloimet alikuwa nje akifunga punda. Nikadhani anasema ana njaa, nikamwongezea kopo la maziwa ya unga nililopewa na Thomasi. Kwa mara ya kwanza tangu nifungue mlango huu, sikuogopa.

Alhamisi, 19 Oktoba

Hawakuja.

Ijumaa, 20 Oktoba

Hawakuja. Mawingu upande wa Oldeani, bila mvua.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nitaandika kama yalivyosemwa.

Moloimet alikuja peke yake, saa nne asubuhi. Hakuketi. Aliweka kopo la maziwa ya unga mezani, limejaa nusu.

"Karani, mtoto amekwisha. Jumanne."

Nilisema pole. Kisha nikauliza, kwa sababu sikujua la kufanya na mdomo wangu, kama alikuwa akiharisha.

"Kila siku. Kwa ile dawa ya koko."

"Dawa gani?"

"Gome la mti. La kusafisha tumbo."

"Kwa nini mlimpa dawa ya kuharisha mtoto mgonjwa?"

Alinitazama kama mtu anayetaka kujua kama ninamdhihaki. Akaeleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Maziwa na nyama havikutani tumboni. Siku ya maziwa ni ya maziwa. Anayetoka kwenye maziwa kwenda kwenye nyama husafisha tumbo kwanza, la sivyo atapata maradhi na mifugo itadhurika. Mtoto mdogo hatiwi kwenye shida hiyo, hupewa maziwa tu.

"Lakini wewe ulichora vyote siku moja," akasema. "Maziwa, maziwa, nyama. Kesho yake tena. Koko alisema mtoto hawezi gome kila siku. Mimi nikamwambia karani amesoma, tufuate karatasi. Basi akawa anamsafisha kila jioni kabla ya nyama. Tulifuata, karani. Hatukuruka hata siku moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Kila mtu anajua."

Sisi Wambulu hunywa maziwa juu ya nyama na kulala usingizi mzuri. Nimeishi miaka ishirini na minne nikiwaona Wamasai sokoni, na sikuwahi kuuliza wanakulaje. Nilisimama pale nikakumbuka wino mwekundu. Ratili tatu na nusu katika wiki mbili. Si maji ya uvimbe yaliyotoka, ni mtoto mwenyewe. Nami niliona macho. Naandika hapa kwamba niliyaona.

"Siku ile koko aliposhika karatasi," nikamwuliza, "alisema nini hasa?"

Moloimet aligeukia mlango. "Alisema, mtu huyu hakulelewa na mama?"

Kisha akaondoka. Kopo limebaki mezani.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimeteremsha kibao cha mlangoni.

Jumanne, 24 Oktoba

Nimemwandikia bwana wa shamba kule Oldeani kuomba kiti changu cha ukarani. Barua nimeipeleka posta mwenyewe. Kila anayepita dirishani namwona polisi.

Jumamosi, 28 Oktoba

Mvua. Imeanza adhuhuri na haijakoma. Watu wametoka nje wakilowa makusudi, wanawake wanapiga vigelegele. Mimi nimekaa kwenye stoo. Tangu jana ninafikiria hesabu moja tu: ishirini kutoa moja.

Jumatatu, 30 Oktoba

Nimemweleza Bi Zuleha yote. Nilitaka aniambie kwamba sikukusudia. Aliendelea kukunja mablanketi.

"Unangoja niseme huna kosa?" akasema. "Sisemi. Mtoto wa watu amelala chini."

"Najua."

"Basi kama unajua, hizo nyingine ziko wapi?"

Akatupa blanketi mezani.

"Wilibrodi! Umejifungia humu wiki nzima unajihurumia, na karatasi zinafanya kazi yako huko nje!"

Jumanne, 31 Oktoba

Nilikwenda kwa Thomasi. Foleni ilikuwa ndefu, chini ya mvua, na nilitaka kungoja waondoke. Nikajua kwamba nikingoja nitarudi nyumbani. Nikasema pale pale mbele yao: karatasi zangu zina kosa, na mtoto amekufa.

Thomasi alifungua mdomo kucheka, nadhani kwa mazoea tu, kisha akaufunga. Alinivuta nyuma ya magunia.

"Nimegawa kumi na mbili," akanong'ona. "Saba zimo kwenye droo. Wilibrodi, ndugu yangu, usitaje kwamba nilizigawa mimi. Nina watoto."

"Nitasema ni zangu. Ni zangu kweli. Nipe majina, na hizo saba."

Aliyasoma kwenye kitabu chake, nikaandika. Kwa kila jina alichungulia foleni kwanza. Sikujua kwamba Thomasi naye huogopa.

Alhamisi, 2 Novemba

Kumi na mbili, na maboma yote yako ng'ambo ya msitu. Sijui njia na sijui lugha. Bi Zuleha amewatuma wauza ngozi na neno langu kwa Moloimet. Sikumwomba. Nisingethubutu.

Jumanne, 7 Novemba

Moloimet amekuja. Nilianza kuomba radhi, akainua fimbo kidogo kunizuia.

"Sijakusamehe, karani. Usije ukafikiri hivyo njiani. Lakini watoto wa wengine hawajanikosea. Twende."

Ijumaa, 10 Novemba

Tumepanda kwenye msitu kwa miguu, lori halipiti. Matope hadi magotini, na mavi mabichi ya nyati njiani. Nimebeba mizani mgongoni, sijui kwa nini. Katika boma la kwanza nakala ilikuwa imekwisha kusokotewa tumbaku. Mwenye boma alicheka. Nami nilicheka, mpaka nikahisi machozi. Zimebaki kumi na moja.

Jumatatu, 13 Novemba

Nakala mbili. Moja mbuzi aliitafuna. Nyingine imeshonewa ngozi na kuvikwa mtoto shingoni kama hirizi. Mtoto mwenyewe ni mzima na mnene. Mama alikataa kuitoa. Moloimet alimwambia ikae, alimradi haifunguliwi. Tisa.

Alhamisi, 16 Novemba

Boma la leo walikuwa wakisafisha, kama kwa Seenoi. Mtoto anaitwa Senteu, ana miaka mitatu, anaharisha maji matupu. Nilisema maneno yangu: karatasi hii ina kosa, kosa ni langu, msimpe nyama wala gome, mpeni maziwa peke yake, na maji yaliyochemka yenye sukari na chumvi kidogo. Babu yake aliniuliza kwa ukali kama mimi ndiye niliyechora. Nikasema ndiye. Akatema mate pembeni, akaondoka. Bibi akapokea sukari mkononi mwangu.

Nane.

Ijumaa, 17 Novemba

Tumelala hapo. Senteu yu hai.

Jumapili, 19 Novemba

Yu hai. Tumeondoka.

Jumatano, 22 Novemba

Nakala mbili. Katika boma moja kuna kaburi dogo la wiki tatu. Wanasema ilikuwa homa. Niliuliza kama aliharisha, wakasema watoto wote huharisha. Sitajua kamwe. Nimeandika jina lake chini ya la Seenoi kwenye daftari, kwa wino wa kawaida.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimeshuka Karatu na homa. Mto umechukua daraja la mti nyuma yetu.

Jumanne, 28 Novemba

Homa. Bi Zuleha ananinywesha uji. "Daktari wa Uji kunywa uji," anasema. Nje, watu wanafundishana nyimbo za Uhuru.

Jumatatu, 4 Desemba

Tumepanda tena. Njiani nilimwuliza Moloimet hali ya Naisula.

"Hasemi na mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyesema tufuate."

Nilitaka kumwambia kwamba kosa si lake. Nikaona kwamba sina haki ya kumgawia mtu kosa wala kumpunguzia. Tukaendelea kutembea.

Alhamisi, 7 Desemba

Nakala mbili. Zimebaki nne.

Jumamosi, 9 Desemba

Leo tumepata Uhuru. Mvua kubwa. Mimi na Moloimet tulijikinga chini ya mti msituni, tukala mahindi baridi.

Jumatatu, 11 Desemba

Nakala tatu kwa siku moja, maboma matatu yaliyo jirani. Hakuna aliyezifuata, maana nyama imekwisha na ng'ombe waliobaki hawachinjwi. Tulipokuwa tukishuka tulikutana na mtu wa Bi Zuleha, akanipa barua ya Oldeani. Bwana wa shamba anasema kiti kipo kuanzia Januari, na nimjibu upesi. Nimeisoma mara tatu. Ni karatasi nzuri, yenye mhuri. Pale nitaandika uzito, na mwingine ataamua.

Ijumaa, 15 Desemba

Jana tulifikia nakala ya mwisho. Boma liko juu kabisa, ng'ambo ya kijito kinachoitwa kwa jina nisiloweza kulitamka. Mwenye nakala ni mama kijana, Nareyu. Alikuwa ameichomeka kwenye fito za paa, imekuwa ya kahawia kwa moshi. Mwanawe ana mwaka mmoja na nusu. Miguu imevimba, nywele ni zile zile. Maziwa ya unga yalikuwa yameisha wiki nzima.

Nilisema maneno yangu, ambayo kwa sasa hata kwa Kimasai nayafahamu yakisemwa: karatasi hii ina kosa, kosa ni langu, naomba unirudishie. Nareyu aliitoa paani. Lakini hakuniachia. Aliishika upande mmoja, mimi upande mwingine, akasema.

Moloimet alitafsiri bila kunitazama. "Anasema, ukiichukua hii, mtoto wangu atabaki na nini?"

Katika maboma yote hayo hakuna aliyeniuliza hivyo. Nilikuwa nimekuja kuchukua. Hata kwa Senteu nilikaa siku tatu kwa hofu tu, si kwa kujua. Nilikuwa nimepanga kwamba nakala ya kumi na mbili ikiingia mfukoni nitashuka, nimjibu bwana wa shamba, na nisimguse mtoto wa mtu tena maishani.

"Mwambie habari ya Seenoi," nikasema.

Moloimet alikaza mkono kwenye fimbo yake. "Anaijua. Huku kote wanaijua."

"Na bado ananiuliza mimi?"

"Bado anakuuliza wewe."

Nikaketi chini, juu ya ngozi. Sikufungua daftari. Nikauliza. Nani humlisha mtoto akiwa yeye amekwenda kuteka maji? Ng'ombe wangapi bado wana maziwa, na nani hunywa kwanza? Gome hutolewa na nani, na lini? Kitu gani hapaswi kula, na nani amekataza? Watahama lini, waende wapi? Nilipodhani nimemaliza nikauliza kipi sijauliza. Bibi wa boma, aliyekuwa amekaa gizani muda wote, alicheka akakohoa.

"Anasema nini?"

"Anasema unauliza kama bibi harusi aliyefika jana kwa mama mkwe," akasema Moloimet, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba niliona meno yake.

Bibi ndiye aliyeniambia nisichojua kuuliza: kwamba mama wa mtoto ni mjamzito, na kwa sababu hiyo amemwachisha ziwa ghafla, na hakuna aliyeona haja ya kulitaja, maana kila mtu analijua.

Tulikubaliana, wote watatu na bibi. Maziwa peke yake hadi mwezi mpevu. Nyama hapana, gome hapana. Kikombe kidogo mara sita kwa siku, na bibi ndiye mwenye kikombe, si Nareyu, kwa sababu Nareyu hayupo mchana. Nilimwachia maziwa yote niliyokuwa nayo. Nilifunga mizani kwenye fito, nikampima: ratili kumi na tano na nusu. Nikawaambia uzito utashuka kwa sababu ya uvimbe, lakini ukishuka huku anaharisha, wamtume mtu siku hiyo hiyo, wasiningoje. Nilisema hayo mara tatu. Kisha nikamwomba bibi anirudishie yeye mwenyewe kwa maneno yake, na alipokosea mahali, tukaanza tena.

Sikuwaandikia kitu. Nilisema nitakuja kila Alhamisi. Karani wa shamba hapati ruhusa ya kutembea kila Alhamisi. Nililijua hilo nilipokuwa nikitamka. Nilikuwa na hofu nikisema, na ninayo sasa ninapoandika. Sidhani itaondoka. Nadhani nitakuwa napanda nayo.

Nareyu aliiachia karatasi. Tulipokuwa tumekwisha kutoka zizini alitufuata hadi mlango wa miiba, akapaza sauti, akionyesha bondeni kwa mkono wote.

"Anasema kijito kitajaa," akasema Moloimet. "Anasema wiki ijayo usipitie chini. Pita huku juu, kwenye mawe."